Marehemu Aliniita Saa Nane Mchana

"Mwanangu... umerudi?"

Sauti hiyo ilinikuta bafuni. Uso umejaa povu la sabuni, macho nimefumba, mkono mmoja unapapasa ukuta kutafuta bomba.

Nikajua ni masikio tu yananichezea.

"Umerudi, mwanangu?"

Jamani... ile sauti niliijua!

Ilikuwa ya Bibi Kumi.

Na Bibi Kumi alikuwa amefariki miezi minne iliyopita. Matanga yake nilihudhuria kwa miguu yangu. Chai ya waliokuja kutoa pole niliimimina kwa mkono wangu huu huu!

Nilitoka bafuni mbio, povu na yote. Taulo nililikumbuka nikiwa tayari sebuleni. Ningekuwa na roho nyepesi, leo mngekuwa mnasoma tangazo la kifo changu, si stori yangu.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikikurupuka mtapotea njiani.

Mimi ni mchapaji. Niko kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, hatua chache kutoka mahakamani. Wateja wangu ni watu wa hati za kiapo na mikataba, wanakuja mapema kabla mahakama haijafunguliwa. Kwa hiyo nafungua duka alfajiri, saa saba mchana namwachia mwenzangu, saa nane niko nyumbani. Marafiki wananiita Kopi.

Nyumbani ni ghorofa ya tisa, jengo la ghorofa kumi na mbili, milango sitini na miwili. Naishi na mume wangu, fundi umeme, mtu wa kuondoka asubuhi na kurudi jioni.

Mtoto hatuna.

Tulikaribia kuwa naye. Nilifika miezi saba... kisha hospitali wakatupa kitu kidogo kimefungwa shuka jeupe, tukaenda kukizika. Hapo naomba mniachie.

Tangu siku ile, kila nikitoka kazini nilikuwa naingia bafuni, nafungua bomba mpaka mwisho, nalia. Bomba lilikuwa la kuficha sauti. Nikimaliza naosha uso, natoka, napika. Mume akirudi ananikuta nang'aa kama sahani.

Juu yangu kabisa, ghorofa ya kumi, aliishi rafiki yangu. Kazi yake ni kuuza dawa famasi, koti jeupe kila siku, jengo zima tukamwita Dada Dawa. Hana mume, hana mtoto. Alikuwa na mama yake tu, na huyo ndiye Bibi Kumi.

Bibi Kumi alikuwa mkunga mstaafu. Ulikuwa ukikutana naye kwenye lifti na tumbo, anakutazama mwendo tu, anakuambia, "Huyo atakuja wiki ya pili ya mwezi." Na anakuja!

Kisha akaanza kusahau.

Mwanzo alisahau miwani. Baadaye akasahau mlango. Siku moja tukamkuta kwenye lifti kajifunga shuka, anamuuliza kila anayeingia, "Mtoto mmempeleka wapi? Nimemzalisha sasa hivi, mmempeleka wapi?"

Watu wakacheka. Wengine wakakasirika.

Halafu ikaja siku ya gesi. Alifungua jiko akasahau kuliwasha, harufu ikajaa ngazi zote, tukakimbia jengo zima. Mimi na tumbo langu la miezi sita nilishuka ghorofa tisa kwa miguu, nimeshika reli.

Wiki hiyo hiyo wapangaji wakaandika barua. Bibi aondolewe ndani ya siku thelathini, au mama na binti wahame wote wawili. Watu arobaini na mmoja wakatia saini.

Dada Dawa aliipokea barua ile mlangoni. Akaisoma. Akaikunja.

Baada ya muda akatuambia amempeleka mama yake kwa ndugu, mbali huko.

Miezi miwili baadaye akashuka kwangu, macho mekundu.

"Kopi... mama hatunaye."

"Usiniambie!"

"Tumeshamzika. Huko huko."

Matanga tulifanyia chini, kwenye maegesho ya magari. Alisema kwake ni padogo. Tukatandika mikeka, tukaomba, tukamsifu marehemu mpaka koo zikakauka. Watu wale wale wa saini!

Sasa mnaelewa kwa nini sauti ile ilinitoa bafuni na povu.

Jioni nikamwambia mume wangu.

"Nimemsikia Bibi Kumi."

Akaweka begi la vifaa chini polepole.

"Umemsikia wapi?"

"Bafuni. Kaniita mwanangu."

Alinitazama kwa huruma, ile huruma ya kumtazama mtu aliyefunga shati vifungo vibaya na hajajua.

"Mke wangu, tumepita mambo mazito. Uchungu nao una sauti yake."

"Unasema mimi nimechanganyikiwa?"

"Nasema umechoka."

Sikubishana naye. Na mimi nilikuwa na wasiwasi huo huo!

Kesho yake nikakaa siku nzima bila kuoga. Keshokutwa nikasema potelea mbali, nikaingia. Saa nane na dakika zake. Nikafungua bomba. Chozi la kwanza halijafika kidevuni...

"Pumua, mwanangu."

Vinyweleo vya mwili mzima vikanisimama!

"Pumua taratibu... usilibane. Liache litoke."

Sauti ilikuwa inatoka juu, kwenye tundu la hewa. Ni tundu la ukubwa wa daftari, karibu na dari, lina wavu. Nyuma yake kuna bomba la hewa linalopanda ghorofa zote.

Nilikaa chini sakafuni. Nikawaza, mkunga huyu amekufa, mtoto wangu amekufa. Kwa hiyo wako pamoja huko. Amekuja kunipa habari zake...

Ningemjibu! Wallahi, leo najiuliza kwa nini sikujibu hata neno moja.

Nilikimbia tena.

Nikamngoja Dada Dawa ashuke. Jioni alipotoka kazini alikuwa anapitia kwangu, anakunywa chai, ndipo anapanda kwake. Mimi kwake sikuwa nimepanda tangu msiba. Kila nikitaka kwenda ananiambia, "Usijisumbue na ngazi, lifti yenyewe mgonjwa, mimi nitashuka."

Nikamsimulia yote.

Kijiko kilimponyoka.

"Alisema nini?"

"Ameniita mwanangu. Ananiambia nipumue."

"Saa ngapi?"

"Saa nane. Mara zote mbili ni saa nane."

"Umemwambia nani mwingine?"

"Mume wangu. Ananiona nimeharibikiwa."

Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kama chupa ya friji.

"Sikiliza, Kopi. Marehemu asiyejibiwa huondoka mwenyewe. Ukimjibu tu, amekuganda. Ziba hilo tundu."

"Nizibe?"

"Ziba! Tena leo."

Akapanda kwake, akarudi na shuka kuukuu na mkanda wa gundi. Akasimama kwenye stuli yangu ya bafuni kwa miguu yake, tukaziba wote wawili. Mimi namkatia mkanda, yeye anabandika. Alikuwa analia. Nikajua anamlilia mama yake.

Na kweli alikuwa anamlilia mama yake.

Siku nane zikapita kimya.

Mngenipongeza? Nilianza kuoga kwa amani. Hata kulia nikapunguza. Mume akaniambia umeanza kunenepa, nikacheka.

Lakini niwaambie ukweli... ule ukimya ulinikera. Nilikuwa nasimama katikati ya bafu natazama lile shuka, kama mtu aliyemfungia mlango mgeni kisha akabaki anasikilizia kama ameondoka.

Siku ya tisa nilirudi na kukuta sakafu ya bafu ina maji.

Nikaangalia bomba. Limefungwa.

Nikaangalia juu.

Shuka lilikuwa limelowa, limevimba, linadondosha. Maji yalikuwa yanashuka kwa ndani ya lile tundu, yametafuta njia. Mkanda ukaanza kubanduka pembe moja... pembe ya pili...

Pwaa!

Shuka zima likaanguka miguuni mwangu.

Na nyuma yake, kwa mbali, sauti nyembamba kama uzi:

"Mwanangu... nimeanguka."

Nikaganda.

"Nimeanguka... mguu haunyanyuki. Maji baridi."

Sikilizeni. Mimi si msomi wa mambo ya mizimu. Lakini kitu kimoja kiliniingia kichwani kama msumari.

Marehemu haanguki!

Marehemu hasikii baridi!

Kwa mara ya kwanza nikajibu. Nilipanda kwenye stuli nikapiga kelele kwenye lile tundu:

"Bibi! Bibi uko wapi?"

Kisha, kwa upole, kama mtu anayejibu swali la kijinga la mtoto:

"Niko nyumbani, mwanangu."

Sikumbuki nilivyoshuka kwenye stuli. Nakumbuka ngazi tu. Nilipanda mpaka ghorofa ya kumi pekupeku, nikapiga mlango wa Dada Dawa kwa ngumi, kwa kiganja, kwa paji la uso. Maji yalikuwa yameanza kutoka chini ya mlango, yanatambaa kwenye korido.

Nikampigia simu Dada Dawa. Haipokelewi.

Nikashuka ghorofa zote kumi kumfuata msimamizi wa jengo. Yeye tunamwita Funguo, kwa lile rundo linalolia kiunoni mwake.

"Funguo, panda! Bibi Kumi yuko ndani!"

Akanitazama.

"Bibi Kumi yupi? Huyu tuliyemlilia?"

"Huyo huyo!"

"Dada, kaa chini nikuletee maji..."

"Maji yako juu yanamwagika! Panda!"

Nadhani alipanda kwa ajili ya maji, si kwa ajili yangu. Funguo zake hazikufungua, Dada Dawa alikuwa amebadilisha kitasa. Akaleta mtaimbo. Mlango ukalia, ukatoka.

Tuliingia.

Sebule safi, maji tu sakafuni, kochi limefunikwa kitambaa. Kama nyumba ya mtu yeyote. Lakini chumba cha ndani kilikuwa na komeo... nje ya mlango. Si ndani. Nje!

Funguo akalivuta.

Dirisha limebandikwa maboksi. Godoro chini. Ndoo yenye kifuniko. Redio ndogo inaongea peke yake kwa sauti ya chini. Sahani ya chakula imefunikwa vizuri na kitambaa cha kufuma, na pembeni kikombe cha plastiki cha mtoto, chenye mdomo, ili maji yasimwagike.

Mlango wa bafu la chumba hicho ulikuwa wazi. Bomba linamwaga.

Na pale sakafuni, amelala ubavu kwenye maji, gauni limemganda mwilini, nywele nyeupe zimelowa... marehemu wetu.

Funguo alirudi kinyumenyume mpaka ukuta ukamzuia.

Mimi nilipiga magoti majini.

Akageuza macho, akanitazama muda mrefu. Hakunifahamu kwa sura, ugonjwa ule ulikuwa umemchukulia sura zote. Lakini nilipolia tu, akatabasamu.

"Ni wewe wa bomba," akasema.

Lifti siku hiyo ilikuwa imekwama, kama kawaida yake. Tukamkalisha kwenye kiti, tukamfunga kwa shuka asiteleze, Funguo akashika nyuma, kijana mmoja wa ghorofa ya kumi na moja akashika mbele, mimi pembeni nimeshika mguu uliovunjika.

Ghorofa kwa ghorofa, milango ikaanza kufunguka.

Sitasahau zile nyuso. Mama mmoja wa ghorofa ya saba alitoka na ndoo ya nguo, akamwona, ndoo ikamtoka, ikatutangulia ngazi nzima ikigonga. Mzee wa ghorofa ya sita, aliyeongoza maombi ya matanga, alifungua mlango, akafunga, akafungua tena. Ilisikika miguu yetu tu, na Bibi anasalimia.

Ndiyo, alikuwa anawasalimia!

"Hamjambo? Hamjambo? Watoto wazima?"

Hakuna aliyemwitikia.

Dada Dawa alitukuta hospitali, na koti lake jeupe, kiatu kimoja kimekatika ukanda. Alimwona mama yake kwenye kitanda cha magurudumu anaingizwa ndani, akataka kumfuata, nikamzuia kwa mwili wangu.

"Ulituambia amekufa!"

"Niache nipite."

"Ulinifanya nikamzibia pumzi mama yako! Kwa mikono yangu! Ulisimama kwenye stuli yangu, Dawa!"

"Niache nipite, Kopi."

"Ulikuwa unampa nini? Kwa nini alikuwa anaongea saa nane tu?"

Akaegemea ukuta. Akateleza taratibu mpaka akakaa sakafuni.

"Dawa ya usingizi. Kila siku saa moja asubuhi, kabla sijatoka. Inaisha nguvu saa nane. Kutoka saa nane mpaka nirudi jioni alikuwa macho, peke yake. Unadhani sikujua? Kila siku ikifika saa nane, pale famasi nahesabu vidonge vya watu nakosea."

"Sasa kwa nini? Kwa nini!"

Hapo ndipo aliponitazama usoni.

"Ulitaka nimpeleke wapi?"

Akavua kile kiatu kilichokatika ukanda.

"Hao ndugu walikaa naye siku tisa, wakanipigia nije nimchukue. Nyumba nne nilizunguka kutafuta chumba. Nikisema nina mama anayesahau, ghafla chumba kimeshachukuliwa. Nikamrudisha kwangu usiku, kichwa nimemfunika na khanga kama mwizi. Nikawaza, wakijua yupo, tunatolewa. Kuacha kazi siwezi, tutakula nini? Kila mtu alikuwa ananiuliza mama anaendeleaje huko, anarudi lini. Siku moja ulimi ukaniteleza, nikasema amekufa."

Akapangusa pua na mkono wa koti.

"Na unajua nini, Kopi? Mkaja! Jengo zima! Mlikuja na sukari, na mchele, na mikeka. Mama yangu akiwa hai mlimletea barua. Alipokufa ndipo mkamletea sukari."

Nilikosa pa kuweka uso.

Halafu akasema lile neno. Hili ndilo nililowaficha tangu mwanzo wa stori hii, na naomba mnivumilie.

"Ile barua uliichapa wewe."

"Nani kakwambia?"

"Printa ya dukani kwenu ina mstari mweusi pembeni. Kila karatasi yenu inao. Nimekuja kutoa kopi pale mara ngapi?"

Ndiyo, ndugu zangu. Niliposema "wapangaji wakaandika barua"... mwandishi ni mimi. Walinipa maneno ya hasira, nikayapanga yakawa maneno ya kisheria. Ile "ndani ya siku thelathini" ni yangu, naijua kutoka kwenye hati za watu wa mahakamani. Saini ya kwanza ni yangu. Nilikuwa na tumbo, niliogopa gesi, nilisema namlinda mwanangu.

Mwezi uliofuata nikampoteza. Na aliyekuwa wa kwanza kupanda kitandani kwangu, akanikalisha, akaninywesha supu kijiko kwa kijiko, ni huyu huyu niliyemwandikia barua.

"Ulijua wakati ule?" nikamuuliza.

"Nilijua."

"Na ukaja?"

"Ulikuwa umetoka kuzika mtoto. Ningekuja kukuuliza habari za karatasi?"

Nikakaa pale sakafuni pembeni yake. Wauguzi wakawa wanaturuka.

Polisi walikuja, lazima waje. Dada Dawa alilala ndani siku tatu. Sikumtetea kwa uongo. Nilipoandikisha maelezo nilisema komeo lilikuwa nje ya mlango, nikasema na habari ya vidonge. Ila nilisema na habari ya barua, na nani aliichapa. Afisa wa ustawi wa jamii aliinua kichwa akanitazama, akaendelea kuandika.

Aliyemtoa Dada Dawa kwa kweli ni mama yake. Wodini, Bibi alikataa kula. Alifumba mdomo kama mtoto, kila anayeleta kijiko anamwambia, "Namngoja binti yangu, yuko kazini." Alikaa hivyo mpaka walipomleta.

Ustawi wakaamua mama arudi nyumbani kwa masharti. Asifungiwe tena, na binti akiwa kazini awepo mtu mzima wa kukaa naye. Wakaja kwenye jengo kuuliza, kuna wa kusaidia?

Tukakutana pale pale kwenye maegesho. Watu walijaa, wengi kwa umbea. Mmoja akasema wote wafukuzwe, wametutia aibu. Mwingine akasema alikuwa anajua toka zamani kuwa kuna kitu.

Mwanamume wa ghorofa ya nane, yuko chini yangu kabisa, mpole, hasemi na mtu, akanyoosha mkono.

"Hata mimi nilikuwa namsikia."

Watu wakamgeukia.

"Nikirudi kula mchana. Nilikuwa naongeza sauti ya televisheni."

Mwanamke wa ghorofa ya kumi na moja akaanza kulia. Na yeye! Alikuwa anachoma ubani bafuni kila siku...

Jamani, tulikuwa wangapi? Mtu mzima anaita mchana kweupe, jua linawaka, na watu wa bomba zima la hewa tunamsikia. Kila mmoja na dawa yake. Huyu televisheni, huyu ubani, mimi shuka na gundi.

Kati ya milango sitini na miwili, waliojitolea ni sita. Wengine walikumbuka ghafla kuwa wana shughuli. Mume wangu alikuwa mmoja wa wale sita. Aliweka kengele ya umeme kitandani kwa Bibi, na jioni ile ya kwanza akaniambia, "Nilikuambia umechoka. Nisamehe. Nilikuwa naogopa kukusikiliza."

Mimi zamu zangu zilikuwa mchana. Saa nane.

Siku moja namsuka nywele, akaniuliza:

"Wewe wamekufungulia lini?"

"Nani, bibi?"

"Wale waliokufungia."

Nikadhani ni maneno yake ya kusahau. Akaendelea:

"Nilikuwa nakusikia. Kila siku unalia, maji yanamwagika, hakuna anayekuja. Nikasema, huyu binti wamemfungia bafuni. Nikasema nimsemeshe semeshe, asiogope. Nilikuita sana."

Kitana kilinidondoka.

Yeye ndiye alikuwa nyuma ya komeo. Yeye ndiye alikuwa kwenye giza la maboksi, na ndoo, na redio. Na katika akili ile iliyobaki vipande vipande, aliona mfungwa ni mimi! Hakuwa anaomba msaada, jamani. Alikuwa anautoa.

"Na siku moja ukanyamaza," akasema. "Niliogopa sana siku ile. Nikasema wamemuua."

Hiyo ni siku niliyoziba tundu.

Nililia kwenye kichwa chake kile, mbele yake, bila bomba. Akanipapasa goti. "Pumua," akasema. "Pumua taratibu."

Bibi Kumi aliishi miezi minane baada ya hapo. Alifariki asubuhi, kitandani kwake, dirisha wazi, binti yake amemshika mkono. Safari hii tulimwona wote. Na nisiwafiche, wapo waliopanda si kutoa pole, walipanda kuhakikisha!

Dada Dawa alihama mwezi uliofuata. Hatukugombana. Alinikumbatia, akasema, "Nimekusamehe, Kopi, ila nikikuona naiona ile karatasi." Nikamwambia na mimi nikimwona naliona lile komeo. Tunaandikiana kwenye sikukuu. Zaidi ya hapo bado hatujaweza.

Ile nyumba ya kumi ilikaa tupu muda. Nikirudi kazini, naingia bafuni, nasikilizia. Hakuna kitu. Mngedhani ningefurahi. Hakuna jini anayetisha kama ukimya wa mahali ulipokuwa unaitwa mwanangu.

Wiki iliyopita wamehamia wapangaji wapya. Nilisikia miguu juu, viti vinavutwa, mtoto anakimbia. Siku tatu nzima nikajiambia nitapanda kesho, nitapanda kesho.

Siku ya nne nikavaa kandambili nikapanda, nikagonga.

Mlango ukafunguliwa kidogo tu. Mwanamume, shati la kazi, mtoto wa kike kamng'ang'ania mguu. Alinitazama kwa hofu, na kabla sijafungua mdomo akaanza:

"Samahani dada, tunajua, ni kelele za mtoto, tutamnyamazisha..."

Mnaona tulipofika? Kwenye jengo la milango sitini na miwili, mtu akigongewa anajua amekosea!

"Hapana," nikamwambia. "Mwache akimbie. Mimi ni jirani yenu wa chini. Nimekuja kuwajua tu."

Hakunielewa mara moja. Aliangalia mikono yangu, nadhani alikuwa anatafuta karatasi.

Kisha akafungua mlango wote.

Ndugu msomaji, wewe unayeishi juu ya mtu, chini ya mtu, ukuta kwa ukuta na mtu usiyemjua hata jina la utani... ukisikia sauti mchana huu, usiulize ni jini gani. Uliza ni jirani gani. Kisha vaa viatu, panda ngazi, gonga.